Mgeni, Ziara na Kifaa: Dhana na Istilahi za Takwimu za Tovuti kwa Kurejelea Mwamgongo, Kigoma

IKISIRI

Makala haya yanafafanua jinsi takwimu za wanaotembelea tovuti zinavyokusanywa na jinsi zinavyopasa kusomwa na wamiliki wa tovuti, hususan idara za vyuo vikuu na majarida yanayochapishwa kwa Kiswahili. Inaonyeshwa kwamba sehemu kubwa ya makosa katika kusoma takwimu hizo hutokana na istilahi: neno hudai zaidi ya kile kilichopimwa. Mifano inahusu msomaji wa kijiji cha Mwamgongo, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa mazingira yake yanadhihirisha waziwazi mipaka ya hesabu hizo. Makala yanapendekeza kwamba neno mgeni libaki kwa mtu, na kwamba kile kinachohesabiwa na mitambo kiitwe kifaa.

1.0 Utangulizi

Katika ofisi za serikali za vijiji nchini Tanzania huwekwa kitabu cha wageni. Anayefika hupewa kalamu, akaandika tarehe, jina lake, anakotoka, madhumuni ya safari yake, kisha akatia sahihi. Atakayekifungua kitabu hicho mwisho wa mwaka anaweza kueleza ni watu wangapi waliofika, kutoka wapi, na kwa shughuli gani. Anaweza pia kumtambua aliyefika mara tatu, kwa kuwa jina na mwandiko wake ni vilevile.

Mmiliki wa tovuti naye ana kitabu chake. Mtambo unaohifadhi tovuti, yaani seva, huandika mstari mmoja kila unapoombwa jambo. Mwisho wa mwezi programu maalumu hujumlisha mistari hiyo na kutoa jedwali lenye vichwa kama vile wageni, ziara na kurasa zilizotazamwa. Kwa sababu vichwa hivyo vimeazima msamiati wa ugeni, msomaji wa jedwali huelekea kulisoma kama asomavyo kitabu cha ofisi ya kijiji. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Suala hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Majarida ya kitaaluma ya Kiswahili sasa husambazwa pia kwa intaneti, na uamuzi kuhusu lipi liendelee kugharimiwa, au lugha ipi itengenezewe programu, huweza kuegemea hesabu za wasomaji. Hesabu ikisomwa vibaya, wasomaji halisi hupotea na wasiokuwapo huhesabiwa.

Mwamgongo ni kijiji kilichoko kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma, na pia ni jina la kata. Usafiri uliozoeleka kati ya vijiji vya ufuko huo na mji wa Kigoma ni wa boti zinazotia nanga Kibirizi. Kijiji hiki kimechaguliwa kwa kuwa msomaji wa huko yuko mbali na seva, hutegemea simu ya mkononi, na anaweza kuitumia simu hiyo pamoja na jamaa zake. Katika mazingira kama hayo, kila dhana ya takwimu za tovuti hujaribiwa hadi kikomo chake.

2.0 Jinsi Hesabu Inavyopatikana

Ziko njia kuu mbili. Ya kwanza, na ya kale zaidi, ni daftari la seva. Mstari mmoja wa daftari hilo huwa na anwani ya IP ya aliyeomba, tarehe na saa, kitu kilichoombwa, namba ya jibu, na ukubwa wa kilichopelekwa. Namba 200 humaanisha kwamba kilichoombwa kimetolewa. 404 humaanisha kwamba hakikupatikana. Mara nyingi huongezwa mambo mawili: ukurasa ambao mwombaji alitoka, na aina ya kivinjari anachotumia. Muundo wa mstari huo unalingana na safu za kitabu cha wageni, isipokuwa kwamba safu ya jina na safu ya sahihi hazimo.

Njia ya pili ni ya kupachika ndani ya ukurasa programu ndogo ambayo, ukurasa ukifunguka, hupeleka taarifa kwa mkusanyaji. Hii ndiyo njia ya Google Analytics, huduma iliyoanzishwa Novemba 2005 baada ya kampuni ya Google kuinunua kampuni ya Urchin mwaka huohuo. Njia hii hutegemea kwa kawaida kidakuzi, yaani maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka katika kivinjari cha msomaji ili kukitambua kitakaporudi. Vidakuzi vilibuniwa na Lou Montulli mwaka 1994 alipokuwa katika kampuni ya Netscape.

Neno kidakuzi linastahili kuangaliwa. Umbo lake linakaribiana na kitenzi dakua, chenye maana ya kutoboa siri, na hivyo linasimama jirani na mdaku na udaku. Katika Kiingereza jina la kitu hicho ni jina la biskuti, lisilodokeza lolote kuhusu kazi yake. Istilahi ya Kiswahili, kwa kukusudia au kwa bahati, inamtahadharisha msomaji kwamba pana habari zake zinazopelekwa kwingine.

Njia hizi mbili hazitoi hesabu moja. Mtandao ukiwa dhaifu, msomaji wa Mwamgongo anaweza kupata maandishi ya ukurasa lakini akaufunga kabla programu ndogo haijafanya kazi. Daftari la seva litakuwa limemwandika. Mkusanyaji wa pili hatakuwa na habari naye. Kinyume chake, kivinjari kinachohifadhi nakala ya ukurasa simuni huweza kuuonyesha tena bila kuiuliza seva. Kwa hiyo mmiliki akiona hesabu mbili zinazotofautiana asidhani kwamba mojawapo ni ya uongo. Kila moja inapima tukio lake.

3.0 Ngazi Tano za Hesabu

Ili kutenganisha dhana, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Idara fulani ina tovuti yenye makala kuhusu majina ya samaki wa Ziwa Tanganyika. Saa 1:40 usiku mwalimu mmoja aliyeko Mwamgongo anafungua ukurasa wa mbele, ambao pamoja na picha na mafaili yake una vitu 12. Saa 1:46 anafungua makala yenyewe, yenye vitu 8. Kisha anampa dada yake simu. Saa 1:55 dada anafungua ukurasa mwingine wenye vitu 6. Saa 2:50 mwalimu anarudi na kufungua tena makala ileile, yenye vitu 8. Ichukuliwe pia kwamba simu haikuhifadhi nakala yoyote.

Ngazi ya kwanza ni ombi. Kila kitu kilichotolewa ni ombi moja, hivyo jumla ni maombi 34. Hesabu hii huongezeka kwa kuongeza picha tu, bila msomaji hata mmoja kuongezeka. Ina manufaa kwa fundi anayepima mzigo wa seva. Kwa mhariri haina maana. Hata hivyo ndiyo hesabu iliyo kubwa kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayovutia kutajwa katika taarifa.

Ngazi ya pili ni ukurasa uliofunguliwa: kurasa zimefunguliwa mara 4. Wengine husema kurasa zilizotazamwa, lakini mtambo haujui kama ukurasa ulitazamwa. Unajua tu kwamba ulifunguliwa. Pana pia tatizo la kisarufi. Nomino za kutenda kama utazamaji na ufunguaji, zenye kiambishi u-, kwa kawaida hazina wingi, na neno mfunguo limekwisha kutwaliwa na hesabu ya miezi inayofuata Ramadhani. Kiswahili kina njia yake ya kuhesabu matendo, nayo ni neno mara. “Ukurasa ulifunguliwa mara 4” ni kauli kamili, na ni bora kuliko istilahi ya kulazimisha.

Ngazi ya tatu ni ziara. Ziara ni mfululizo wa kurasa zilizofunguliwa na kifaa kimoja bila kimya kirefu katikati. Kwa desturi, kimya cha dakika 30 huhesabiwa kuwa kimeifunga ziara. Kati ya saa 1:55 na saa 2:50 zimepita dakika 55, kwa hiyo ziara ni 2. Kikomo cha dakika 30 ni mapatano tu. Kingewekwa kuwa saa moja, ziara ingekuwa 1.

Ngazi ya nne ni kifaa: simu ni 1. Ngazi ya tano ni mtu: watu ni 2. Matokeo ni 34, 4, 2, 1 na 2, na yote yanatokana na jioni moja. Hesabu ya ziara imelingana na hesabu ya watu kwa sadfa tu. Ngazi nne za kwanza mtambo unazipata, au unazikadiria. Ya tano hauioni kabisa. Ila katika majedwali mengi ni ngazi ya nne inayopewa jina la mgeni.

Muda wa kusoma nao una mtego. Katika njia ya kale, muda wa ukurasa hupatikana kwa kutoa saa ya kuufungua kutoka saa ya kufungua ukurasa unaofuata. Ukurasa wa mwisho hauna unaoufuata, hivyo muda wake huandikwa kuwa sifuri. Ziara ya kwanza katika mfano itaandikwa dakika 15, na ya pili sifuri, ingawa yumkini ni katika ziara ya pili ndipo mwalimu aliposoma makala kwa makini hadi mwisho. Makala marefu ya kitaaluma, ambayo msomaji huyafikia moja kwa moja, akayasoma na kuondoka, ndiyo yanayodhulumiwa zaidi na kipimo hiki. Mfumo mpya wa Google Analytics, uliochukua nafasi ya ule wa zamani kwa watumiaji wa kawaida tarehe 1 Julai 2023, huihesabu ziara kuwa ya makini ikizidi sekunde 10, au ikiwa na kurasa mbili au zaidi, au likitimia tendo ambalo mmiliki amelitaja kuwa la maana. Hilo ni afadhali, lakini sekunde 10 bado si kusoma.

4.0 Waliozidishwa na Waliopunguzwa

Hesabu huzidishwa kwanza na roboti, yaani programu zinazopita katika tovuti bila mtu. Baadhi hutumwa na mitambo ya utafutaji, nyingine hukusanya maandishi ya kufundishia programu za lugha, na nyingine zina nia mbaya. Tangu mwaka 1994 upo utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster, ambao mmiliki huweka faili la maelekezo kwa roboti, lakini kuufuata ni hiari ya roboti yenyewe. Katika tovuti ndogo, yenye wasomaji wachache, sehemu kubwa ya mistari ya daftari inaweza kuwa ya roboti. Mmiliki asiyezitenga huwa anasherehekea umati usiokuwapo.

Pili, huzidishwa na mbofyo uliorudiwa. Mtandao ukichelewa, msomaji hubofya tena. Kanuni za mradi wa COUNTER, ulioanzishwa mwaka 2002 ili kusawazisha takwimu za matumizi ya majarida na vitabu, zinaagiza kwamba mibofyo ya msomaji mmoja juu ya kitu kilekile ndani ya sekunde 30 ihesabiwe kuwa mmoja. Bila kanuni hiyo, mahali penye mtandao mbovu pangeonekana pana wasomaji wenye bidii kuliko penye mtandao mzuri.

Hesabu hupunguzwa na mambo mengine. Kampuni za simu huweza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo anayehesabu watu kwa anwani ataona mmoja palipo na mamia. Kivinjari cha Opera Mini hupitisha kurasa katika seva zake ili kuzipunguza ukubwa. Seva ya idara huona anwani ya Opera. Juu ya yote, nakala moja iliyopakuliwa inaweza kutumwa kwa WhatsApp kwa walimu wa shule nzima, au kupigwa chapa na kupita mkono kwa mkono. Kwa jarida la Kiswahili huenda huo ndio usomaji ulio muhimu kuliko wote, nao hauachi alama yoyote katika daftari.

Mahali nako hukosewa. Nchi na mji hukisiwa kutokana na anwani ya IP, na anwani ya mteja wa simu mara nyingi huonyesha lilipo lango la kampuni. Msomaji wa Mwamgongo anaweza kuandikwa kuwa yuko Dar es Salaam. Ramani yenye doa kubwa jijini na utupu mkoani Kigoma haithibitishi kwamba Kigoma hakuna wasomaji. Safu ya chanzo cha ziara ina kasoro iyo hiyo: kiungo kilichofunguliwa kutoka WhatsApp kwa kawaida hakitaji kilikotoka, hivyo ziara huwekwa katika fungu la “moja kwa moja,” kana kwamba msomaji alikariri anwani ya tovuti.

Wakati pia wahitaji uangalifu. Seva nyingi hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ziara ya saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi itaandikwa kuwa ya Februari. Aidha, kupanda na kushuka kwa hesabu si lazima kuwe na sababu ndani ya tovuti. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanywa usiku kwa taa, na husita mwezi unapong'ara. Tovuti yenye wasomaji katika vijiji vya wavuvi yaweza kufuata mwezi wa mbinguni kuliko mwezi wa kalenda. Na hesabu zikiwa ndogo, asilimia hudanganya: kutoka ziara 4 hadi 8 ni ongezeko la asilimia 100, lakini ni ziara 4 tu.

5.0 Mfano wa Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina makala fupi kuhusu kata ya Mwamgongo, kama ilivyo kwa kata nyingine nyingi za Tanzania. Takwimu za makala zake hutolewa hadharani, na mtafiti yeyote anaweza kuziangalia. Mambo matatu katika utaratibu wake yanafaa kuigwa.

Kwanza, katika takwimu zinazotolewa tangu mwaka 2015, kurasa zilizofunguliwa na roboti zilizojitambulisha huwekwa mbali na zile za watumiaji. Mwaka 2020 liliongezwa fungu la mitambo inayojificha. Pili, tangu mwaka 2016 hutolewa hesabu ya vifaa vya kipekee, wala haiitwi hesabu ya watu. Watunga istilahi hapo walikataa kudai wasichokijua. Tatu, kidakuzi kinachotumika kwa hesabu hiyo huhifadhi tarehe ya ziara ya mwisho tu, bila namba ya kumtambulisha msomaji. Kifaa kikija bila tarehe ya mwezi huu, kinahesabiwa. Kikija nayo, hakihesabiwi tena. Hivyo inathibitika kwamba inawezekana kuhesabu bila kufuatilia.

6.0 Neno Mgeni

Mzizi -geni umeenea katika lugha za Kibantu. Katika Kirundi, ambacho pamoja na Kiha kimewekwa na Guthrie katika kundi D60, umugeni ni bibi harusi: mgeni anayeingia katika nyumba ili awe wa nyumba hiyo. Katika Kiswahili maana imebaki pana, lakini wazo la kupita kutoka ugeni kwenda uenyeji limo pia, kama methali inavyosema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ugeni ni hali ya mtu, inayojulikana kwa wenyeji, na yenye mwisho.

Katika jedwali la tovuti mambo ni kinyume. Msomaji wa miaka kumi akifuta vidakuzi vyake anakuwa mgeni mpya asubuhi inayofuata. Mwenye simu na kompyuta ni wageni wawili. Dada na kaka wenye simu moja ni mgeni mmoja. Neno mtembeleaji, litokanalo na tembea kupitia tembelea, halina uzito huo wa kijamii, lakini nalo ni la ngeli ya watu, na upatanisho wake wa kisarufi humlazimisha msemaji kusema walikuja, walisoma, waliondoka. Sarufi yenyewe inatia watu mahali ambapo pana vifaa tu. “Vifaa 300 vilifungua ukurasa” ni sentensi isiyopendeza sana, lakini ni ya kweli.

Tofauti nyingine ni ya kimaadili. Anayetia sahihi katika kitabu cha kijiji anajua kwamba anaandikwa, na ameshika kalamu mwenyewe. Msomaji wa tovuti huandikwa bila kuambiwa. Katika hesabu ya maelfu yeye hujificha. Katika kijiji, simu ya aina fulani, iliyofungua ukurasa fulani, saa fulani, inaweza kutosha kumtaja mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za namna hiyo mwaka 2019. Idara inayotaka tu kujua ni makala yapi yanasomwa haina haja ya kujua ni nani aliyeyasoma.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba takwimu za tovuti ni hesabu za matukio ya mitambo yanayopewa majina ya watu. Mmiliki wa tovuti ya kitaaluma anashauriwa kuweka kando hesabu ya maombi. Kutenga roboti kabla ya kujumlisha. Kutaja kikomo cha ziara anachotumia. Kulinganisha mwezi na mwezi kwa kipimo kilekile, badala ya kulinganisha tovuti yake na ya wengine. Kutoamini ramani za miji. Na kuuliza wasomaji wenyewe, kwa barua au kwa mazungumzo, yale ambayo daftari haliwezi kueleza.

Kwa upande wa istilahi, inapendekezwa ombi, ukurasa uliofunguliwa (kwa kuhesabu mara), ziara, na kifaa. Neno mgeni liachwe kwa yule anayeshuka kwenye boti ufukweni Mwamgongo, akapanda hadi ofisi ya kijiji na kuandika jina lake. Jarida litakaloandika kwamba makala yake yalifunguliwa na vifaa 40 litakuwa limesema machache, lakini halitakuwa limemfuta mwalimu aliyeisoma nakala ya arobaini na moja akiwa nje ya mtandao.